Kwa nini mwalimu wa kusoma na kuandika afungwe siku 70? Kisa cha Paulo Freire

#1 Mwalimu_wa_Kata
Wakuu, salaam. Nafundisha Uraia sekondari, huu mwaka wa 11. Likizo hii nimekuwa nikifuatilia maisha ya Paulo Freire, yule msomi wa Brazil, na kuna jambo limenikaa kooni.

Kwa kifupi: alizaliwa Recife, kaskazini-mashariki mwa Brazil, 19 Septemba 1921. Alisomea sheria akaiacha mapema sana, akafundisha Kireno, akafanya kazi miaka kumi kwenye shirika la huduma kwa wafanyakazi wa viwandani, kisha chuo kikuu. Mwaka 1963, katika mji mdogo wa Angicos, yeye na vijana wake wa chuo waliwafundisha watu wazima wapatao 300 kusoma na kuandika kwa saa 40. Rais João Goulart alikuja mwenyewe kwenye somo la kufunga. Mwaka uliofuata jeshi likapindua serikali, mwalimu akawekwa ndani siku 70, kisha akaishi uhamishoni miaka karibu 16.

Kosa lake hasa lilikuwa nini? Mimi nafundisha mihimili mitatu ya dola, aina za demokrasia, sifa za kiongozi bora. Sijawahi kuona mtu mwenye mamlaka akishtushwa na somo langu. Yeye alifundisha ta-te-ti-to-tu, akaonekana hatari kwa nchi. Dai langu ni kwamba huyu alikuwa mwanafikra wa demokrasia kabla hajawa mwalimu wa kisomo, na waliomfunga walilijua hilo kuliko wanaomsifia leo.

#2 Ngosha_wa_Mizani
Ukomunisti tu mkuu, usizunguke mbali. Castro kashinda Kuba, kaingia Havana 1959, Marekani inaogopa bara zima litamfuata. Ukionekana umekaa na maskini usiku unawaandikia ubaoni, jina lako tayari liko kwenye orodha.

#3 Hesabu_za_Kura
Wote mnapita pembeni. Jibu ni KURA.

Sheria ya Brazil wakati huo ilisema asiyejua kusoma na kuandika hapigi kura. Zuio hilo halikuondolewa mpaka 1985. Nchi ilikuwa na watu kama milioni 70, lakini uchaguzi wa 1960 waliojiandikisha hawakufika milioni 16. Sasa aje mtu anayesema mkulima anaweza kusoma kwa saa 40! Makadirio ya enzi hizo ni kwamba Pernambuco pekee, jimbo la kwao Freire, wapiga kura wangetoka 800,000 hadi 1,300,000. Januari 1964 serikali ya Goulart ikatangaza mpango wa taifa zima, madarasa 20,000, watu milioni 2. Mapinduzi yakaja mwisho wa Machi. Aprili 14 mpango ukafutwa.

Jeshi halikukaa hata wiki tatu bila kuufuta. Hapo unahitaji nadharia gani nyingine?

#4 Mpiga_Chapa
Ngosha #2, kuna kitu hukijui. Pesa za Angicos zilitoka Marekani, kwenye ule mfuko wa Kennedy wa kusaidia Amerika ya Kusini. Ukomunisti gani unalipiwa na Washington?

#5 Ngosha_wa_Mizani
Nakubali hilo sikulijua. Lakini hao hao Wamarekani walisitisha ufadhili kabla hata ya mapinduzi. Kwa hiyo walianza kwa kumwona dawa ya ukomunisti, wakamaliza kwa kumwona ukomunisti wenyewe. Hoja yangu bado imesimama, ila inachechemea.

#6 Bint_Kilwa
Hesabu_za_Kura, hoja yako nzuri, lakini kura haielezi kwa nini walikuja kumchukua yeye. Wangeweza kufuta mpango na kumwacha arudi chuoni.

Mwalimu #1 kagusa penyewe. Mwaka 1959, kabla ya Angicos, Freire aliandika tasnifu ya chuo kuhusu elimu na hali ya Brazil. Kiini chake si herufi. Anasema Brazil haina uzoefu wa demokrasia. Nchi ilijengwa juu ya mashamba makubwa ya miwa na utumwa, na utumwa haukufutwa mpaka 1888. Ndani ya shamba kulikuwa na bwana na watu wake. Hapakuwa na baraza, hapakuwa na mahali ambapo watu wa hali moja wanakaa na kubishana juu ya kisima au barabara. Halafu siku moja unawaletea katiba iliyoandikwa Ulaya na sanduku la kura, unashangaa kwa nini wanampigia anayewapa unga.

Kwake yeye demokrasia haifundishwi kwa kuhubiriwa. Mtu anaizoea kwa kuifanya, kama kuogelea. Ndiyo maana hakuita darasa darasa, aliliita duara la utamaduni, na badala ya mwalimu kulikuwa na mratibu. Kukaa duara ndilo lilikuwa somo la kwanza, na herufi zikafuata. Mwenye shamba akisikia vibarua wake wanakaa duara usiku kubishana, hahitaji kuhesabu kura ili aogope. Kumbukeni pia kaskazini-mashariki kulikuwa tayari na vyama vya wakulima wadogo wanaodai ardhi.

#7 Kijana_wa_Tandale
Nimejifunza sana. Ila huyu si alikuwa padri? Nilisikia hivyo.

#8 Mpiga_Chapa
Hapana ndugu, alikuwa Mkatoliki wa kawaida, mume wa Elza, mwalimu wa shule ya msingi waliyeoana 1944. Unamchanganya labda na Askofu Hélder Câmara, naye wa Recife. Au ni kwa sababu kuanzia 1970 Freire alifanya kazi Geneva, Baraza la Makanisa Ulimwenguni. Kabla ya hapo alikaa Chile, ndiko alikoandika kile kitabu chake kikubwa, Pedagogy of the Oppressed (elimu ya wanaokandamizwa), halafu akapita Harvard. Kwao Brazil kitabu hakikutoka mpaka 1974.

Na kuhusu Elza, wengi wanaruka. Freire mwenyewe alisema ni yeye aliyemsukuma kuingia kwenye ualimu alipoachana na sheria.

#9 Kadogo_wa_Bukavu
Jambo wandugu. Mimi ni mtu wa Bukavu, niko huku São Paulo tangu 2016. Munisamehee Kiswahili ya kwetu.

Nilipofika sikujua Kireno hata kidogo. Kulikuwa masomo ya usiku ya watu wazima, bure. Mwalimu, mama mmoja mtu wa huku, siku ya kwanza hakuandika alfabeti. Aliandika neno moja, ALUGUEL, ni kusema pesa ya kodi ya nyumba. Akauliza kila mutu, unalipa ngapi? Tulikuwa Wakongo, Waangola, Wahaiti na Wabrazili wenyewe waliotoka kaskazini-mashariki. Tukakuta sisi wageni tunalipa zaidi kwa chumba cha namna moja. Ilikuwa kelele! Ile usiku nilijifunza a-lu-guel, nikajifunza na kusema mbele ya batu. Kisha mwalimu akatuambia hii njia ni ya Paulo Freire.

Huku jina lake liko kila pahali, mashule, barabara. 2012 walitoa sheria ya kumfanya msimamizi wa heshima wa elimu ya Brazil. Na bado wako batu wanataka aondolewe. Basi ule ugomvi wa 1964 haujaisha.

#10 Bint_Kilwa
Kadogo, asante sana. Huu mfano umezidi maelezo yangu yote.

#11 Mkaguzi_Mstaafu
Vijana, nimekaa kwenye elimu ya watu wazima miaka mingi, naomba nitie maji kidogo kwenye mvinyo huu.

Saa 40 ni nini? Ni mtu kuweza kuandika jina lake, barua fupi, kusoma sentensi rahisi. Baada ya miezi sita bila gazeti wala kitabu, yote yanafutika. Nimeyaona kwa macho yangu vijijini. Angicos hawakupata muda wa kuonekana kama mafunzo yalidumu, maana mapinduzi yalikuja.

Lakini nitawapa takwimu moja ambayo itampendeza mwenye uzi. Mwishoni walifanya mitihani miwili. Wa kusoma na kuandika, matokeo yalikuwa asilimia 70. Wa pili ulipima uelewa wa mambo ya siasa na jamii, asilimia 87. Yaani walifaulu uraia kuliko walivyofaulu herufi. Na siku ya kufunga, miongoni mwa wageni alikuwepo Jenerali Castelo Branco. Mwaka mmoja baadaye ndiye aliyekuwa rais wa kwanza wa utawala wa kijeshi.

#12 Hesabu_za_Kura
Mzee wangu Mkaguzi, shikamoo. Kumbe jenerali alikaa pale akaona mwenyewe! Hiyo inaniongezea nguvu mimi, kwamba aliona wapiga kura wapya wamekaa mstarini.

#13 Bint_Kilwa
Au aliona watu wasioinamisha macho wakiongea na rais. Wewe kila kitu kwako ni daftari la wapiga kura 😀

#14 Mwana_Limuru
Hamjambo watu wa Bongo. Mimi ni wa Kenya, na uzi huu umenifikisha nyumbani kabisa.

Kamĩrĩĩthũ, hapa Limuru. Mwaka 1976 kituo cha kijiji kilianzisha gumbaru, yaani masomo ya watu wazima ya kusoma na kuandika, kwa wakulima na vibarua wa mashamba ya chai na kiwanda cha viatu. Aliyesimamia masomo ni Ngũgĩ wa Mĩriĩ, na njia aliyotumia ni hii hii ya Freire: mazungumzo kwanza, herufi baadaye. Watu walipoanza kuandika maisha yao, masomo yakazaa mchezo wa kuigiza kwa Kikuyu. Novemba 1977 kibali kikafutwa. Desemba 31 Ngũgĩ wa Thiong'o, mwandishi aliyeutunga mchezo huo pamoja na Ngũgĩ wa Mĩriĩ, akakamatwa, akakaa kizuizini karibu mwaka mzima bila kesi. Mwaka 1982 ule ukumbi wa wazi waliojijengea wanakijiji ukabomolewa na polisi.

Sasa nawauliza wa hoja ya kura na wa hoja ya ukomunisti. Kenya asiyejua kusoma alikuwa na haki ya kupiga kura tangu uhuru. Na wale walikuwa wanakijiji, si chama cha siasa. Kwa nini basi yakawapata yale yale? Mimi nadhani ni lugha. Ukimwacha mtu aseme dhiki yake kwa lugha yake, mbele ya jirani zake, hutamdanganya tena kwa Kiingereza.

#15 Hesabu_za_Kura
Mwana Limuru umenibana. Nitafikiri nirudi.

#16 Kijana_wa_Tandale
Na sisi Tanzania je? Nimesikia Mwalimu Nyerere alimleta Freire ndiye akatutengenezea ile kampeni ya afya ya redioni, Mtu ni Afya, na kisomo chote.

#17 Mkaguzi_Mstaafu
Hapo nikurekebishe kwa upole mwanangu. Freire alikuja kweli Dar es Salaam mwanzoni mwa miaka ya 1970. Ameandika kwamba mguu wake wa kwanza kukanyaga Afrika ulikuwa Tanzania, na alijisikia kama aliyerudi nyumbani: rangi ya bahari, minazi, miembe, mikorosho, harufu ya udongo. Kumbukeni yeye mwenyewe alijifunza herufi chini ya mwembe wa kwao Recife, kwa kuandika ardhini na kijiti.

Lakini hakututengenezea kisomo. Mwalimu alitangaza 1970 kuwa mwaka wa elimu ya watu wazima, na mwaka huo huo Taasisi ya Elimu ya Watu Wazima ikaendesha vikundi vya kusikiliza redio vilivyoitwa Uchaguzi ni Wako, kuelimisha watu kuhusu uchaguzi mkuu. Hiyo ilikuwa elimu ya uraia ya kukaa duara, redio katikati, watu wakijadili baada ya kipindi. Mtu ni Afya ikafuata 1973. Fikra zilikutana njiani, hakuna aliyemwiga mwenzake.

#18 Ngosha_wa_Mizani
Mzee umenikumbusha mbali. Bibi yangu Kwimba alisoma ngumbaru miaka hiyo, chini ya mti, kupitia kitabu cha pamba. Kanda ya Ziwa kulikuwa na mradi wa UNESCO, kila watu na kitabu chao: wa pamba, wa ndizi, wa uvuvi, wa ng'ombe. Bibi mpaka leo ana miaka zaidi ya 80 anakariri: nafasi ya mche na mche, kutenga pamba safi na fifi.

#19 Bint_Kilwa
Ngosha, hapo ndipo njia mbili zinapoachana, na usinikasirikie. Kitabu cha pamba kilimfundisha bibi kulima pamba vizuri zaidi. Freire angeandika PAMBA ubaoni, kisha angeuliza bei imepangwa na nani. Neno lile lile, swali jingine. Kwake lile la kwanza ni kumjaza mtu maarifa kama unavyoweka fedha benki, halafu unakuja kuzitoa siku ya mtihani.

#20 Ngosha_wa_Mizani
Sikasiriki, ila usimhukumu bibi yangu bila kumsikia. Nitampigia.

#21 Msahihishaji
Wakati tunamsubiri bibi: lile neno lake la Kireno, conscientização, yaani mtu kufumbuka macho akaielewa hali yake ili aibadilishe, Kiswahili chake ni nini? Nimeona "uamsho", nimeona "mwamko", nimeona "kujitambua".

#22 Mwana_Limuru
Uzinduzi? Kuzinduka?

#23 Msahihishaji
Uzinduzi umeshachukuliwa na wakata utepe. Kuzinduka nakupenda, maana anayezinduka huzinduka mwenyewe, hakuna anayemzindua. Kwa taarifa, neno hilo hata si lake. Lilitoka kwa wanafikra wengine wa Brazil, Askofu Câmara akalieneza. Freire alifika mahali akaacha kulitumia kwa miaka, kwa kuwa watu waliligeuza kidonge: meza, uzinduke.

Na angalieni hili. Neno lake maarufu la kuanzia ni tijolo, tofali. Picha ya waashi, mjadala wa nani anajenga na nani analala ndani, kisha ta-te-ti-to-tu, ja-je-ji-jo-ju, la-le-li-lo-lu. Kundi moja, kabla halijafundishwa lolote zaidi, liliunganisha silabi likaandika "tu já lê", wewe sasa unasoma. Kireno kibovu, lakini maana imetimia. Kiswahili chetu kimejengwa kwa silabi wazi kuliko hata Kireno. Chukua TOFALI: ta-te-ti-to-tu, fa-fe-fi-fo-fu, la-le-li-lo-lu. Usiku wa kwanza tu unapata tafuta, futa, leta, lala, tatu, tulete.

#24 Mama_Neema
Nimesoma kimya tangu juzi. Msimfanye malaika. Kwanza, kitabu chake kikubwa kizima kinazungumza na wanaume tu, wanawake wa Marekani wakamwandikia barua kumlalamikia. Mwaka 1992 alikiri kwa maandishi kwamba walikuwa na haki. Namheshimu kwa hilo.

Pili, Guinea-Bissau. Alialikwa baada ya uhuru, kuanzia 1975, na mpango wa kisomo ukaanguka. Kisa? Walifundisha kwa Kireno, wakati watu wengi hawakukizungumza. Unawezaje kuanza na neno la maisha ya mtu kwa lugha isiyo ya maisha yake? Freire alitoa hoja juu ya lugha, lakini uamuzi ulikuwa wa serikali. Kwa hiyo Mwana Limuru #14 ana ushahidi mkubwa zaidi ya alioutoa.

#25 Mpiga_Chapa
Kweli Mama Neema. Ila tuseme na jingine: alipopewa madaraka hakukimbia. 1989 mpaka 1991 alikuwa mkuu wa elimu wa jiji la São Paulo chini ya Meya Luiza Erundina. Alizipa nguvu kamati za shule ambamo wazazi, wanafunzi, walimu na hata wapishi wanakaa kuamua. Wangapi wanaoandika kuhusu demokrasia wamewahi kukabidhiwa mji mkubwa namna ile?

#26 Hesabu_za_Kura
Nimerudi. Mwana Limuru, bado sijakubali kwamba ni lugha peke yake, lakini nakubali Kenya inaitoboa hoja yangu. Labda kura ndiyo iliyofanya mpango ufutwe haraka, na kitu kingine ndicho kilichomfunga mtu. Sijui kama nimepata.

#27 Mwalimu_wa_Kata
Wakuu, asanteni. Nisimulie kisa ambacho kimenifanya nisilale vizuri wiki hii.

Alipokuwa kwenye lile shirika la wafanyakazi, Freire aliwapa wazazi mhadhara kuhusu ubaya wa kuwachapa watoto. Mhadhara mzuri, wa kisomi. Akainuka mfanyakazi mmoja, akamshukuru kwa maneno mazuri, kisha akamuuliza kama anajua wao wanaishi wapi. Akamwelezea nyumba zao: chumba kimoja, watoto wamebanana, njaa, baba anarudi amechoka na kesho alfajiri anaondoka. Halafu akaielezea nyumba ya Freire, ambayo hajawahi kuiona, vyumba vyake, bafu lake. Akapatia kila kitu. Njiani kurudi Freire akalalamika kwamba hawakumwelewa. Elza akamuuliza kama si yeye ambaye hakuwaelewa wao.

Mimi nafundisha "sifa za kiongozi bora" katika shule ambapo viranja tunawateua sisi walimu, majina yanasomwa mstarini, wanafunzi wanapiga makofi. Wanafunzi 90 darasani, wote wanajua kujibu swali la demokrasia ni nini. Nimewasilisha ombi kwamba muhula ujao kidato cha pili wachague wao. Nimeambiwa tutazungumza.

#28 Mkaguzi_Mstaafu
Mwalimu, usianze na viranja. Anza na jambo dogo ambalo hakuna mkubwa analitaka: zamu za kuchota maji, au nani ashike ufunguo wa darasa. Wakizoea kukubaliana kwenye ndoo, hilo la viranja wataliomba wenyewe.

#29 Mama_Neema
Mkuu Mkaguzi, na wakiomba wakakataliwa? Mwalimu ndiye ataitwa ofisini, si wewe uliyestaafu.

#30 Ngosha_wa_Mizani
Nimempata bibi. Bint Kilwa, kaa vizuri.

Nimemuuliza kama mwalimu wao aliwahi kuwauliza bei ya pamba inapangwa na nani. Anasema hapana, hata siku moja. Waliimba tu nafasi za mche na mche. Lakini anasema kitabu kilikuwa na tarakimu, na msimu uliofuata alipopeleka pamba gulioni alisimama upande wa mizani, si upande wa gunia. Karani akasema kilo 38. Bibi akasema 41. Karani akapima upya, akaandika 41. Siku hiyo hiyo wanawake wa nyuma yake kwenye foleni wakaanza kumwita aje awasomee yao.

Hakuna aliyewakalisha duara. Sasa hiyo tuiweke upande wako au wangu?

#31 Bint_Kilwa
Sijui niiweke wapi. Mpigie tena umuulize: huyo karani msimu wa pili alikuwepo pale, au alihamishwa?